Walihamia au walihamishwa?

Kijana aliyeuliza swali hilo hakuwa kwenye orodha yangu. Darasa la Jumamosi nilikuwa nimelianzisha kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita wa tahasusi za HGL, HGK na HGE (Historia na Jiografia, pamoja na Kiingereza, Kiswahili au Uchumi), na niliowaita ni wale waliopata A ya Historia kidato cha nne. Yeye alikuwa na C. Alikuja amefuatana na rafiki yake, akakaa nyuma kabisa, chini ya dirisha lililovunjika kioo, mahali ambapo mwezi wa Julai hapa Iringa, kwa baridi, hakuna mtu anayekaa kwa hiari yake. Alikuwa amevaa masweta mawili.

Siku hiyo tulikuwa kwenye Ujamaa na vijiji, mpango wa serikali ya Nyerere wa kuwakusanya watu wakaishi vijijini. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Hawa watu kwenye notsi, walihamia vijijini au walihamishwa? Maana babu yangu kule Ismani anasema walihamishwa."

Notsi zilikuwa za Kiingereza, kama notsi nyingi za Historia huku kwetu. Kiingereza kile kilimpa mwandishi nafasi ya kusema tu kwamba watu waliingia vijijini, asiseme kama waliingia kwa miguu yao au kwa lori la serikali. Kijana alikuwa anatafsiri kichwani ili aelewe, na alipofika kwenye kitenzi akakwama. Vitenzi vilivyomjia kwa Kiswahili havikumruhusu kupita bila kuamua.

Nilifuta ubao wote. Nikaandika maneno manne: kuhama, kuhamia, kuhamisha, kuhamishwa. Nikawauliza kila neno linamtaja nani na linamficha nani. Binti mmoja wa Makete, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa mkimya, akasema hata "walihamishwa" lina maficho yake, kwa sababu linakiri kwamba yupo aliyehamisha, ila halimtaji. Ungesikia darasa lilivyotulia.

Nikamwambia kijana, nenda kwa babu, muulize alihama mwaka gani. Jumamosi iliyofuata akarudi na jibu ambalo wengi wangelitupa: babu hakumbuki mwaka, anakumbuka tu kwamba shangazi mkubwa alikuwa bado anabebwa mgongoni. Lakini kijana hakuishia hapo. Alimpigia shangazi, akamuuliza amezaliwa lini. 1970. Basi, akasema, babu alihamishwa kama 1971.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya Ujamaa, ni la Februari 1967. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake kuhusu ujamaa vijijini, na ndani yake anasisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia katika vijiji hivyo. Agizo kwamba kuishi vijijini sasa ni lazima lilikuja Novemba 1973. Kwa tarehe hizo, babu alipaswa kuwa miongoni mwa waliohamia. Yeye anasema alihamishwa, miaka miwili kabla ya agizo. Ama babu amechanganya, ama kilichokuwa kinafanyika Ismani hakikuwa kile kilichoandikwa Dar es Salaam. Na siku ya Krismasi ya 1971, hukohuko Ismani, mkuu wa mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na mkulima katika mgogoro wa shamba na ujamaa. Watoto wote wa huku wamelisikia jambo hilo nyumbani kwa sauti ya chini. Sasa walikuwa wanaliweka mezani kando ya andiko la serikali na simulizi ya babu, wakitafuta namna ya kuvisoma vyote vitatu kwa pamoja.

Ninawaambia ukweli: semina ya namna hiyo mimi niliipata kwa mara ya kwanza nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, na niliifeli.

Nilimaliza kidato cha sita nikiwa na Division One, daraja la juu kabisa. Nilikuwa hodari wa hoja sita. Anayesoma hapa na amepitia masomo ya sanaa anajua ninachosema: swali linauliza sababu za jambo fulani, unaandika utangulizi, hoja sita zenye maelezo na mfano, hitimisho. Nilikuwa na daftari la maswali ya miaka iliyopita, na kila swali hoja zake sita nilikuwa nazo kichwani kwa mpangilio. Mara moja tu nilithubutu kuandika kwamba sababu mbili kati ya sita zilizozoeleka zinapingana. Mwalimu wangu wa wakati huo alikata kwa wino mwekundu akaandika pembeni, "Umetoa wapi?" Nilichukulia ni karipio, na lilikuwa karipio kweli. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoona kwamba swali lile ni zuri kuliko yote yanayoweza kuandikwa pembeni mwa insha ya historia. Umetoa wapi? Nani alisema? Alikuwa wapi? Kama angeniuliza kwa nia ya kutaka jibu, ningekuwa mtu mwingine nikiwa na miaka kumi na minane.

Chuoni, wiki ya tatu, mhadhiri alitugawia kurasa mbili zinazogombana kuhusu tukio moja akatutaka tuandike tunachoweza kukijua na tusichoweza. Tulikuwa wengi wenye Division One mle ndani. Tuliandika hoja sita sita. Alizirudisha karatasi zote bila alama, akasema turudie.

Niseme mapema kwamba silaumu mtihani wetu wa taifa. Kidato cha tano na cha sita vina kitu ambacho wenzetu wengi duniani hawana: miaka miwili kwenye masomo makuu matatu, kwa kina. Mwanafunzi wa HGE anayekaa na Historia, Jiografia na Uchumi muda wote huo ana nafasi kubwa mno. Ninacholilia ni matumizi ya nafasi hiyo.

Nilipoanza kutafuta namna ya kuwapa vijana kazi za chuo kabla hawajafika chuo, nilikutana na mfumo wa Marekani uitwao Advanced Placement. Ulianza 1955, unaendeshwa na College Board, na kazi yake ni kumpa mwanafunzi wa sekondari mwenye hamu somo la kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo. Mtihani unafanyika Mei, alama ni 1 hadi 5, na vyuo vingi vinamhesabia somo aliyepata 3 au zaidi, kila chuo kwa kanuni yake. Kwa upande wa maarifa ya jamii wana historia ya dunia, ya Ulaya na ya Marekani, jiografia ya binadamu, uchumi, saikolojia, na somo la kulinganisha serikali za nchi sita, mojawapo Nigeria. Huku kwetu shule za serikali hazina kitu hicho, na sina hamu tukinunue na kukileta kama kilivyo. Kina ada kwa kila mtihani, na nako kukariri kupo.

Kilichonishika ni swali lao moja la historia. Mwanafunzi anawekewa nyaraka saba ambazo hajawahi kuziona: barua, hotuba, picha, takwimu, pengine kipande cha sheria. Anapewa dakika 60, na 15 kati ya hizo ni za kusoma tu. Anatakiwa atoe dai lake mwenyewe, alitetee kwa nyaraka hizo, na kwa baadhi yake aeleze aliyeandika alikuwa nani, alimwandikia nani, na alitaka nini. Alama ni saba kwa jumla. Kujua mambo bila kushika dai hakukufikishi mbali, wala dai bila ushahidi. Maswali ya miaka iliyopita yako wazi kwenye intaneti, bure. Nilinunua bando, nikapakua, nikatoa kopi.

Jumamosi ya kwanza niliwapa swali lao lilivyo, kuhusu nchi za mbali. Walifanya, lakini kwa adabu ya mgeni aliyekaribishwa chakula asichokijua. Nikaona nimekosea. Tumezungukwa na nyaraka hapa. Jina lenyewe la mji huu linatokana na lilinga, neno la Kihehe lenye maana ya ngome. Ngome ya Kalenga iko kama kilomita 15 kutoka mjini, daladala zinakwenda. Kwa nini nianzie mbali?

Basi nikawaletea ibara ya 246 ya Mkataba wa Versailles.

Wengi wao wanaujua mkataba huo wa 1919 kwa hoja sita za kuibana Ujerumani: fidia, jeshi, makoloni na kadhalika. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya mkataba uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mna Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Ibara inasema kwamba ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kufanya kazi, Ujerumani itakabidhi kwa serikali ya Mfalme wa Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa, lililoondolewa Afrika Mashariki ya Kijerumani na kupelekwa Ujerumani. Niliwapa sentensi hiyo peke yake. Sikuwapa maelezo. Nikawaambia wana dakika 15 za kuisoma na kuandika maswali, marufuku kuandika majibu.

Yalikuja kama mvua ya masika. Kwa nini Sultani, wakati sisi tunasema Mtwa, yaani mtawala kwa Kihehe? Kwa nini akabidhiwe Mwingereza na si Wahehe? Binti wa Makete akauliza kwa nini limeandikwa "lililoondolewa", nani aliliondoa? (Tangu siku ile ya ubao, vitenzi havimpiti tena.) Mwingine, mtoto wa Kalenga kabisa, akauliza swali lililonifanya nikae chini: Wahehe walikuwa wameombwa maoni?

Tukaanza kuzipanga tarehe. Lugalo, 17 Agosti 1891, kamanda wa Kijerumani Zelewski na kikosi chake wanavamiwa na kushindwa. Kalenga, 30 Oktoba 1894, ngome inatekwa. Mlambalasi, 19 Julai 1898, Mkwawa anajipiga risasi asikamatwe. 1919, ibara. Kisha miaka zaidi ya 30 ya kimya, hadi Gavana Twining wa Tanganyika alipokwenda kwenye jumba la makumbusho la Bremen na kuchagua fuvu moja kati ya mengi, kwa kulinganisha vipimo. Tarehe 19 Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye tulimjua kama Spika wa Bunge.

Nikawaambia, haya, tafuteni nini kingine kilikuwa kinatokea 1954. Hawakuchukua muda. Vita vya Mau Mau Kenya, dhidi ya Waingereza, tangu 1952. Na TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, Saba Saba, 7 Julai 1954. Mmoja akahesabu kwa vidole, akahesabu tena, akasema, "Mwalimu, ni siku kumi na nane." Kati ya gavana kusimama Kalenga na TANU kuzaliwa Dar es Salaam, siku kumi na nane. Sikuwa nimewahi kuziweka tarehe hizo mbili kwenye mstari mmoja, na nimefundisha zote mbili miaka yote hii.

Je, siku hizo kumi na nane zina maana yoyote? Hilo ndilo lililotuchukua Jumamosi mbili. Wapo walioshikilia kwamba gavana alitaka kuwapoza Wahehe wasije wakafuata mfano wa Kenya. Wengine wakasema kufuatana kwa tarehe si ushahidi wa sababu, na walioijenga TANU hawakuwa wanamsubiri Twining. Kijana wa masweta mawili alisema kitu ambacho ningependa kukisikia chuoni: kwamba inawezekana gavana alikuwa na lengo lake na Wahehe waliojaa uwanjani siku ile walikuwa na lao, na tukio likabeba yote mawili.

Tulikwenda Kalenga, na siku hiyo hatukubishana. Mzee mmoja tuliyekutana naye nje ya makumbusho aliitikia shikamoo zao moja moja, akawauliza kila mmoja anatoka wapi na ukoo gani, ndipo akakubali kuzungumza. Mle ndani fuvu limo kwenye sanduku la kioo. Nilikuwa nimewaeleza kabla kwamba wapo wataalamu wenye shaka kama hilo ni la Mkwawa kweli, kwa namna lilivyochaguliwa. Nilihofia mtoto angelitamka mbele ya mzee. Hakuna aliyelitamka. Njiani kurudi, mtoto wa Kalenga akasema, hata kama si lake, ni la mtu. Gari zima likanyamaza. Tangu hapo nimeacha kuuliza kama watoto wa miaka kumi na saba wanaweza kazi ya chuo.

Lakini mzazi mmoja alinifuata. Mkulima, mtu wa heshima zake, amevaa koti. "Mwalimu, mimi nimeuza mahindi gunia kwa gunia ili mtoto afike kidato cha sita. Ninachotaka Mei ni Division One. Hayo mafuvu yatamsaidia nini?"

Swali lake lina haki yote. Sikumdanganya kwamba Jumamosi zangu zinapandisha alama, maana sina hesabu ya kuonyesha. Nilimwambia, mzee, kuanzia Februari tunaacha kila kitu na kupiga pepa za miaka iliyopita, hoja sita, saa ya ukutani mbele yao, mpaka Mei. Nilimwambia pia kwamba mtoto wake zamani alikuwa anapewa notsi anazimeza, sasa akipewa anauliza zimetoka wapi. Akafikiri. Akaniuliza kama huwa tunazungumzia pia bei ya mazao. Nikamwambia aje Jumamosi.

Alikuja. Siku hiyo tulikuwa na lumbesa.

Nani wa nyanda hizi asiyeijua lumbesa? Gunia la viazi linalojazwa likapita mdomo, likashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, na kila msimu viongozi wanakemea. Swali nililowapa lilikuwa moja: kwa nini mkulima mwenye akili zake timamu anakubali? Nilitaka waanze na nadharia za uchumi, mahitaji na ugavi, uwezo wa kupanga bei. Binti wa Makete alinitangulia. Kwao wanalima viazi. Akasema mnunuzi anakuja na lori la fuso shambani mvua zikiwa zimeanza, barabara iko karibu kukatika, viazi vimeshachimbwa. Ukimkatalia anakwenda kwa jirani. Bei ya Dar es Salaam anaijua yeye. Ghala huna. "Kwa hiyo hatukubali lumbesa, Mwalimu," akasema. "Tunakubalishwa."

Mzazi yule alicheka mpaka akavua kofia. Kisha akasimama, akaeleza kwa dakika kumi jinsi walivyojaribu kukubaliana kijijini kwao wasiuze lumbesa, na namna mmoja mmoja walivyoanza kuuza usiku. Alikuwa anaeleza jambo ambalo vyuoni lina jina lake na sura yake kwenye vitabu vya uchumi: kila mmoja akifuata faida yake, wote wanaishia pabaya. Yeye alilijua kwa hasara. Wanafunzi waliandika hadi kalamu zikaisha wino.

Kuhusu lugha nina maneno machache, ingawa ningeweza kukesha. Vijana hawa wanasoma kwa Kiingereza, wanabishana kwa Kiswahili, na jambo likiwa zito wanarusha neno la Kihehe au Kikinga. Kisha wanatakiwa waandike kwa Kiingereza. Zamani nilikuwa nawakataza Kiswahili darasani nikidhani ninawasaidia. Nimeona kwa macho yangu kwamba niliwanyima chombo. Swali la "nani kafanya" limo ndani ya kitenzi cha Kiswahili, limekaa pale kabla mtoto hajaenda shule. Ukimruhusu alichimbue kwanza kwa lugha hiyo, atakapoandika Kiingereza atajua anachokitafuta, na ataona pale Kiingereza cha notsi kilipoteleza. Ninajua shule nyingi zina ubao wa kukataza Kiswahili getini. Walimu wenzangu, Jumamosi moja tu, jaribuni.

Orodha ya wenye A niliiacha. Anayekuja anakaa. Ninachoomba ni kila mtu aje na kitu kimoja kutoka nyumbani kwao: kadi ya zamani ya chama, stakabadhi ya pareto, picha, barua, au simulizi ya mtu aliyekuwepo. Kijana mmoja alileta kipande cha karatasi ya babu yake aliyekwenda migodi ya Afrika Kusini enzi za WENELA, shirika lililoajiri vibarua wa migodi hiyo, kimekunjwa mara nane, na kabla ya kutuonyesha alinawa mikono.

Mwezi huu kidato cha tano wapya wanaripoti. Binti wa Makete amemaliza, yuko JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) anasubiri matokeo. Kijana wa Ismani sasa ni kidato cha sita, na Jumamosi ijayo ndiye atakayeongoza darasa, maana mimi nitakuwa kwenye msiba Njombe. Jana alinipitia nyumbani kuchukua kopi. Nikamuuliza ataanza na nini, ibara ya 246 au lumbesa. Akasema ataanza na babu. Amemwomba aje mwenyewe, na babu amekubali, ila ana sharti: asiulizwe kwanza yeye, aanze yeye kuwauliza watoto hao wameambiwa nini huko shuleni.